Zamu Aliyotaka Kuipisha Masanja

Siku ile, mwanangu, siikumbuki kwa kupenda. Inakuja yenyewe, hasa mvua zikianza.

Mimi na mdogo wangu Masanja tulikuwa vibarua wa mifereji ya mpunga karibu na Kagongwa, miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Mtaalamu wetu alikuwa Mkorea wa makamo, tukimwita Mzee Paki. Jioni alitandika ubao wa mistari akatufundisha mchezo wa kwao, janggi. Vipande vyake vina pembe nane, na hukaa pale mistari inapokutana. Mfalme hatoki nje ya boma lake. Mzinga hauendi mpaka upate kipande cha kuruka. Askari harudi nyuma. Mchezaji mkubwa kwa umri hushika vipande vyekundu. Mdogo hushika vya kijani, naye ndiye huanza.

Kilichonishinda ni kimoja. Ukiona kila hatua itakuumiza, unaruhusiwa kupisha zamu, ukakaa kimya mwenzako acheze. Sisi tumekulia kwenye bao, na kwenye bao zamu yako ikifika unacheza tu, hata kama unajimaliza. Nikacheka.

"Mzee, huu si uoga?"

Hakukasirika. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Pisha mapema. Mfalme akishatishiwa, huwezi kupisha tena."

Masanja alimwelewa. Mzee Paki alipoondoka kurudi kwao, ubao alimwachia yeye.

Kazi ya mifereji ilipoisha tukaenda Nyarugusu kuchimba dhahabu. Wiki moja mvua ikanyesha mfululizo. Asubuhi tulipofika kwenye duara letu, lile shimo tulilokuwa tukichimba, maji yalikuwa yanapenya kati ya matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta zake. Masanja akachungulia chini, akaweka sururu pembeni.

"Kaka, leo napisha."

Nikamwambia, tena mbele ya wenzetu, kwamba Mkorea amemharibu, amekuwa mwoga. Wakacheka. Masanja alijifunga kamba akashuka, kwa sababu mimi ni mkubwa wake. Ilikuwa zamu yake kushuka, sawa, lakini ningeweza kwenda mimi. Sikwenda.

Duara lilijifukia kabla ya saa nne. Tulichimba siku mbili ndipo tukampata. Mama aliupokea mwili bila kuniuliza kitu, na mpaka anakufa hakuniuliza. Nilimngoja aniulize.

Wazee wenzangu hupenda kumalizia kwa kusema yamepita. Mimi hayajanipita. Ubao ninao hapa ndani, na sijacheza na mtu tena.

Basi shika hili, mwanangu. Mwenzako akisema leo hapana, usimcheke, wala usimtolee ukubwa wako. Nawe ukiona kila hatua ni mbaya, kaa. Kaa mapema, wakati bado unaruhusiwa.

Mungu akujalie watu watakaokuacha upishe zamu yako, na akuepushe na ulimi kama huu wangu.