Umeme Ulioingia kwa Mlango wa Nyuma

Enesi nilimkuta kando ya njia inayoshuka kwenda Itumba, amesimama chini ya nguzo ya umeme iliyoungua shina, anaisukuma taratibu kwa kiganja kama mtu anayejaribu jino la mtoto. Nilikuwa natoka Tunduma kwenda kumsalimia binti wa marehemu dada yangu, na haraka sikuwa nayo. Halafu mimi nguzo huwa nazitazama. Umeme ulipofika kwetu Mbozi ulinikuta mtu mzima mwenye ndevu, na mpaka leo sijaacha kujiuliza unapitaje ndani ya waya usio na tundu.

"Shikamoo babu," akasema. "Usisogee hapo. Hii ikiamua kulala haikuulizi ukoo wako."

"Marahaba mwanangu. Imefanyaje?"

"Mtu kachoma majani ya shamba lake, moto ukaja kula chakula kisicho chake."

Akanionyesha jiwe, nikakaa. Pembeni vijana wake walikuwa wanachimba shimo la nguzo mpya, na fundi mmoja mrefu, Barnaba, alikuwa anafunga vile viatu vya chuma wanavyopandia. Barnaba ni mtu wa Momba, Mnamwanga, mcheshi. Aliniuliza kama nimekuja kuomba kazi, maana nafasi ya kubeba nguzo bado ipo.

Mwanamke kuongoza mafundi wa laini si jambo nililolizoea, nikamwuliza bila kuficha. Enesi akacheka. Yeye ni Mnyiha wa kitongoji cha ng'ambo ya bonde lililokuwa mbele yetu, tuliona mabati yake kutoka pale tulipokaa. Baba yake alikuwa mkulima wa kahawa, na watoto wote walijua watakuwa wakulima wa kahawa. Yeye akaenda Mbeya kusomea ufundi. Siku ya kwanza alipopanda nguzo hapa nyumbani, mama yake alijifungia ndani akaomba hadi alipoambiwa kashuka. Wanawake wa kanisani wakasema, huyo sasa nani atamwoa, bibi harusi mwenye mkanda wa ngozi kiunoni? Akamwoa Hezron, mwalimu wa kwaya. Hezron aliwajibu kwamba yeye anaogopa ngazi, kwa hiyo nyumba inahitaji angalau mmoja asiyeogopa, siku bati likivuja.

Tulikuwa bado tunacheka pikipiki ilipofika. Aliyeshuka ni kaka yake, Osea, koti la mvua mgongoni na jua lote lile. Salamu yake kwangu ilikuwa ya heshima lakini fupi.

"Enesi, umeme lini?"

"Jioni, kaka. Nguzo ndiyo hiyo inachimbiwa."

"Jioni!" Osea akashika kichwa. "Kahawa imejaa mpaka mlangoni. Ya jana alasiri na ya leo asubuhi. Nimeingiza mkono katikati ya rundo, kuna joto tayari."

Kwa asiyejua, nieleze. Kahawa mbivu ikichumwa haingoji. Humenywa siku ile ile, ganda jekundu litoke. Ikilala kwenye rundo inapata joto, inachacha ndani ya ganda lake, na ikifika kwa waonjaji wanaitema na kusema siki. Osea ndiye mwenyekiti wa kikundi chenye mashine ya kumenyea kule ng'ambo, na kwenye rundo lile ilikuwemo kahawa ya karibu kila nyumba ya kitongoji. Ya mama yao pia ilikuwemo.

"Mama mwenyewe ameniuliza," Osea akasema, "hivi si mwanangu ndiye mwenye umeme? Nimjibu nini?"

"Mjibu umeme si wangu."

"Basi fungeni hiyo nguzo kwa kamba, tumenye, muuzime tena baadaye."

"Ikianguka na waya hai, kaka, nitakuzika wewe au nitamzika nani? Na nikiwasha bila ruhusa ya Mbeya, hata hicho kibarua changu mtakimenya na kahawa."

Osea hakucheka. Alisema haya, watu wazima hawakosi njia, akapiga teke pikipiki yake akaondoka. Enesi alimtazama mpaka vumbi likatulia. Niliona anauma mdomo. Mtu anayechelewesha riziki ya mama yake kwa mkono wake mwenyewe si mtu mwenye raha.

"Ruhusa ya Mbeya ni ya nini," nikamwuliza, "na wewe ndiye fundi?"

Nadhani alifurahi kupata la kusema. Aliokota kijiti akachora chini. Umeme, babu, haukai ghalani. Huu unaowasha taa yako unapikwa sasa hivi, mahali fulani kwenye maporomoko ya maji au kwenye mitambo ya gesi ya pwani, na unaliwa sasa hivi. Mitambo yote ya nchi imeunganishwa kwa waya mkubwa mmoja, hiyo ndiyo gridi. Yote lazima izunguke kwa mwendo mmoja.

"Kama kwaya," nikasema.

"Kama kwaya kabisa. Hezron anasema hivyo hivyo. Watu wakiwasha vitu vingi kwa mpigo, mitambo inaelemewa, mwendo unataka kushuka. Kuna chumba, watu wamekaa usiku na mchana wanasikiliza huo mwendo. Ukishuka wanapiga simu bwawani, fungueni maji zaidi. Kama maji hayatoshi, wanamwambia mtu fulani anyamaze kidogo."

"Huo ndio mgao."

"Ndio huo unaoutukana ukiwa kwako."

Nikakubali kwamba nimeutukana. Nikauliza kuhusu Zambia, maana pale Tunduma watu hupenda kusema umeme wa ng'ambo ni mtamu kuliko wa kwetu. Akasema kuna minara mikubwa inajengwa ili nchi hizi mbili zishikane mikono, lakini kwanza lazima kwaya mbili zipate pigo moja. Zikiungana kila moja na pigo lake, ni vishindo na moshi.

Kisha akachora jinsi unavyoshuka. Unasafiri ukiwa na nguvu kubwa sana ili usichoke njiani, unafika kituo cha kupozea, unapunguzwa, unagawanywa kwenye laini za wilaya, na mwisho unafika kwenye transfoma ya kitongoji, lile pipa la kijivu juu ya nguzo, linalopunguza tena mpaka uweze kuingia nyumbani bila kuua. Kila njia panda ina mlango wake. Na kila mlango una mwenyewe. Aliyeko Mbeya anaona milango mikubwa, aliyeko kwenye laini anaona nguzo na watu. Ndiyo maana hakuna anayefungua wala kufunga kabla ya kusemezana na mwenzake. "Tusingesemezana," akasema, "tungekuwa tunauana kila wiki."

Simu ikaita. Mbeya walisema mlango wa juu umefungwa, laini imekufa, endeleeni.

Barnaba akapanda nguzo ya jirani, ile nzima iliyo upande wa kitongoji, na fimbo ndefu yenye kipimo kwenye ncha. Kipimo kile ukikisogeza kwenye waya wenye umeme kinalia kama kifaranga aliyekanyagwa. Akakisogeza kwenye waya wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kimya.

"Imekufa, mama! Tuzike?"

"Bado sanda," Enesi akajibu. Sanda aliyoisema ni waya mnene wanaoufunga kati ya laini na ardhi, ili hata umeme ukija kwa bahati mbaya uende chini usimpitie mtu. Barnaba akaanza kuufunga, lakini kibanio kimoja kilikuwa na kutu, kikagoma. Akashuka kuchukua kingine garini, akisonya njia nzima, akapanda tena. Fimbo ya kipimo aliiacha inaning'inia kwenye mkanda. Si alikwisha pima?

Hapo ndipo niliposikia kwaya. Mimi nilidhani ni upepo. Ng'ambo ya bonde, redio ya duka fulani ilianza kuimba kwa sauti kubwa, na wanawake wakapiga vigelegele. Nyuma ya vigelegele ulikuja mngurumo mzito.

Nikasema, "Afadhali, umeme umerudi."

Enesi aligeuka akanitazama kama nimemtukana.

"Barnaba! Usiguse!"

"Nini tena?"

"Pima tena!"

"Si nimepima sasa hivi, mama, hata jasho halijakauka."

"Nimesema pima tena!"

Barnaba akavuta fimbo, shingo upande, kama mtoto anayetumwa dukani mara ya pili. Akaisogeza.

Kifaranga akalia.

Hakuna moshi, hakuna cheche. Waya ni ule ule, umetulia, ndege angeweza kutua. Barnaba akaurudisha mkono wake kifuani kama mtu aliyebeba yai, akashuka hatua moja moja. Alipogusa chini akakaa kwenye majani.

Enesi alikuwa tayari na simu. Mbeya wakasema hawajawasha chochote. Akaishusha simu, akatazama ng'ambo.

"Ni kaka yangu," akasema.

Alimpigia Osea. Ikaita mpaka ikakata. Aliwaambia vijana hakuna kugusa nguzo yoyote, kisha akaingia garini, na mimi, kwa udadisi wangu, nikapanda nyuma kabla hajanikataza.

Kituo cha kumenyea ni banda la matofali na mabati. Mlangoni jenereta ilikuwa inanguruma, imekuja juu ya trela la trekta. Mashine inazunguka, kahawa nyeupe zinateleza kwenye mfereji wa maji, na Osea amesimama katikati na furaha ya mtu aliyevusha watu mto. Enesi hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja akazima jenereta.

Kelele zikaanza.

"Wewe Enesi vipi?"

"Umeshindwa kutupa wa kwako, sasa unatuzimia wa kwetu?"

"Aliyesoma Mbeya huyo, mwacheni!"

"Barnaba alikuwa anapeleka mkono kwenye waya," Enesi akasema. Hakupaza sauti. "Umeme wenu ulimfuata mpaka juu ya nguzo."

Osea akakataa. Jenereta iko hapa, waya wake unaingia hapa ukutani, laini iko kule mlimani, na transfoma kazi yake ni kushusha umeme kuja huku. Utapandaje? Na mimi, nakiri, nilikuwa upande wa Osea kichwani mwangu.

"Kaka, transfoma haijui mbele na nyuma. Ukiingia upande wa juu inaushusha. Ukiingia upande wa chini inaupandisha, mpaka nguvu ile ile ya kuua. Ni kama ngazi. Ngazi inakuuliza unashuka au unapanda?"

"Kwa nini hamkuzima swichi kubwa kwanza?" Enesi akauliza. "Jenereta ingelisha mashine tu, isingetoka nje."

Osea akatazama chini. Jibu alilitoa mzee mmoja wa kikundi. Mashine bila maji haimenyi, na pampu ya maji iko kijitoni, ina mita yake peke yake. Waya wa kuifikia hawakuwa nao. Kwa hiyo waliiacha swichi kubwa wazi makusudi, umeme utoke bandani, upite kwenye nguzo, ushuke kwenye pampu. Na ulifika! Walishangilia ulipofika. Ulipofika na dukani walishangilia zaidi, wakaona ni baraka na jirani naye apate.

Akili hiyo, nilijisemea, ni ya watu waliozoea mifereji. Ukifungulia maji shambani kwako yakamfikia na jirani, umefanya wema.

Enesi alizima swichi kubwa. Akatoa kufuli mfukoni, akaifunga, ufunguo akaurudisha mfukoni. Utaratibu wao, kufuli la mtu linafunguliwa na mwenyewe, hata mkubwa wake wa kazi haligusi.

"Sasa washeni jenereta, mmenye. Humu ndani tu."

"Na maji?" Osea akauliza. Ilikuwa sauti ya kuomba sasa. "Enesi, maji je? Bila pampu kahawa yote inaoza. Ya mama iko chini kabisa ya rundo."

Nilimwona Enesi anatafuta njia, anatazama jenereta, anatazama kijito. Mkono uligusa mfuko wenye ufunguo. Ukatoka.

Mama yao alikuwa ameketi kwenye gunia. Mwanamke mfupi, kitenge kichwani. Akasimama kwa kujivuta, akachukua ndoo ya plastiki, akaanza kushuka kwenda kijitoni. Wakwe zake wakatazamana, wakachukua ndoo. Kisha wanaume. Mpaka gari letu linaondoka, palikuwa na mstari wa watu kutoka majini hadi bandani, ndoo zinapita mkono kwa mkono, na mashine imeanza kuzunguka tena, polepole, inakunywa kidogo kidogo.

Kule kwenye nguzo Barnaba alipanda mwenyewe, ingawa Enesi alimwambia apande mwingine. Alipima, akapima tena, akafunga waya wa ardhi pande zote mbili. Nguzo mpya ikasimama. Mbeya wakapigiwa, wakafungua, na jua likiwa linaegemea milima taa za ng'ambo zikawaka zote isipokuwa banda.

Tulirudi kufungua kufuli, safari hii na Barnaba. Sehemu kubwa ya kahawa ilikuwa imemenywa. Iliyokuwa chini ilikuwa imepata joto, wameitenga pembeni, itauzwa daraja la chini. Ya mama ilikuwa humo. Enesi aliinama akainusa, kisha akaenda kufungua kufuli. Mama yake alimpangusa masizi ya nguzo shavuni kwa ncha ya kitenge.

Osea alikuwa amejificha nyuma ya mashine, anajifanya anasugua kitu. Barnaba ndiye aliyemfuata.

"Mwenyekiti, nimekuja kusalimia. Si tulikaribia kuonana mchana?"

Watu wakacheka kidogo, kwa woga. Osea hakuweza kucheka. Alipopewa mkono aliupokea kwa mikono yake miwili iliyolowa maganda ya kahawa, akaugeuza, akautazama kiganja na vidole, kimoja kimoja, na Barnaba akamwacha autazame.