Aliyekula Pweza na Aliyekataa Chai

"Siku ile mjinga nilikuwa mie," anasema Hamad Talib Faki, hata kabla chai haijamiminwa. "Andika hivyo hivyo. Usinipambe."

Ni saa nne asubuhi, Hounslow, magharibi ya London. Hamad, mwenye umri wa miaka 52, ameshika birika kwa mkono wa kulia.

"Unatia su..." anauliza, kisha anauinua mkono wa kushoto kama askari wa barabarani. Ndege inapita juu ya paa, tumbo lake jeupe likijaa dirishani. Vikombe vinagongana kabatini. Ikishapita, anaushusha mkono na kuendelea palepale alipoachia.

"...kari?"

Nyumba hii yote huzungumza namna hiyo. Mgeni huchukua kama nusu saa kuzoea kuachwa njia panda kila baada ya dakika moja na nusu.

Juu ya meza, chini ya kopo la maziwa, ipo karatasi moja. Ni barua ya kughairi mkataba wa madirisha. Jina limejazwa, anwani imejazwa, tarehe imejazwa. Saini haipo. Kwa sheria ya hapa, mteja aliyetia saini mkataba nyumbani kwake hupewa siku kumi na nne za kubadili mawazo, na leo ni siku ya kumi na mbili.

"Usiiangalie sana," Hamad anasema. "Inanitazama hiyo siku zote hizi."

Kazi ya Hamad ni kushusha na kupakia mizigo ya ndege katika uwanja wa Heathrow. Kwa miaka kumi na tano ameinua masanduku ya watu wanaokwenda kupumzika sehemu ambazo yeye anazijua kwa vibandiko tu. Mgongo wake una siku zake, na magoti yana siku zao.

"Ndege mie nazisubiri kule chini nizishushe mizigo," anasema. "Lakini kabla hazijanifikia, zinapitia hapa kwanza kumwamsha mke wangu."

Mkewe, Bi Time Kombo, miaka 47, hulea wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Zamu zake ni za usiku, saa mbili mpaka saa mbili, siku nne kwa wiki. Hurudi nyumbani wakati wenzake wanatoka, akavuta pazia, akaomba usingizi.

Mtaani hapa kuna wiki mbili, na kila mtu anazijua kama anavyojua majina ya watoto wake. Kuna wiki ya asubuhi, ambapo ndege hutua upande huu mpaka saa tisa alasiri, na kuna wiki ya jioni, ambapo huanza saa tisa. Wiki ya jioni Bi Time ni mtu mpole, tena hucheka. Wiki ya asubuhi, Hamad anasema, "hata mswaki napiga polepole."

Mwezi Januari, katika wiki ya asubuhi, Bi Time alilala usingizi mfupi kwenye kiti kazini. Anadhani zilikuwa dakika sita. Katika dakika hizo bibi mmoja wa miaka 91 aliinuka kitandani peke yake, akakutwa amesimama ameshikilia pazia, miguu inatetemeka. Hakuanguka. Lakini wiki iliyofuata Bi Time alikabidhiwa barua ya onyo, na ndani yake sentensi moja ilieleza kwa adabu kubwa kwamba likitokea tena, kazi ndiyo basi.

Kwa hiyo madirisha ya nyumba hii si ya pambo. Mpaka sasa ni yale yale ya mbao yenye kioo kimoja, ya tangu nyumba ilipokuwa ya halmashauri. Hamad na mkewe waliinunua mwaka 2008. Wameweka akiba miaka minne ili watie madirisha ya vioo viwili viwili, ambayo Hamad huyaita "dabo" kwa kifupi. Akiba hiyo inatosha mara moja. Wakikosea, hakuna ya pili.

"Nikilala saa sita tu mfululizo, sitaki kitu kingine," Bi Time atasema baadaye. "Sijaomba dhahabu."

Mafundi waliokuja kutazama walikuwa wawili.

Wa kwanza alikuwa Gurmit Singh, Kalasinga mwenye karakana ndogo Southall. Alizaliwa Nakuru, akaja Uingereza akiwa kijana, na Kiswahili chake bado hakijatoka Nakuru. Bi Time aliliona gari lake nje ya nyumba ya jirani akachukua namba.

Gurmit alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Hamad alimletea chai ya maziwa yenye hiliki, na vitumbua. Gurmit akasema asante, hapana. Akaletewa maji. Akasema asante, hapana. Alizunguka vyumba vyote na futi yake, akafika chumba cha nyuma, akaona blanketi limepigiliwa misumari dirishani.

"Nani analala mchana hapa?" akauliza.

"Mimi," Bi Time akajibu kutoka mlangoni.

"Basi tuanze hapa. Hayo mengine ni ya kuzuia baridi tu. Mama, una udi?"

Bi Time alidhani amesikia vibaya. Akamletea kijiti cha udi. Gurmit akakiwasha, akakipitisha taratibu pembeni mwa dirisha, juu, chini, kushoto, kulia. Kwenye kona mbili moshi ulikwenda wima. Kwenye kona mbili nyingine ulipinda ukavutwa nje kama uzi.

"Pale panapopita moshi, kelele inapita pia," Gurmit akasema. "Ukitia vioo viwili na ufa ukabaki, umenunua picha ya dirisha."

Kisha akaeleza kwamba kwa kelele za ndege vioo viwili vya unene mmoja havifai sana. Kimoja kiwe kinene, kingine chembamba, na fremu izibwe vizuri ukutani. Akaandika bei, pauni 5,150, akavaa viatu, akaondoka. Dakika ishirini na tano.

"Hata maji!" Hamad anasema, na mpaka leo sauti yake inapanda. "Kwetu Konde, Pemba, fundi akija kutia mlango, siku ya kwanza ni ya kula na kuzungumza. Unamjua mtu kwa mkono wake ndani ya sahani. Kazi huanza kesho yake. Huyu amekuja, amechoma udi wangu, kaondoka. Sasa mtu kama huyo nimpe nyumba?"

Kwa simu, Gurmit anacheka sana anapoulizwa habari hiyo.

"Ndugu, mimi naingia nyumba sita kwa siku," anasema. "Watu wa kwetu wote wanatoa chai. Nikinywa zote sitapima dirisha, nitatafuta choo tu."

Wa pili alitoka kampuni kubwa, ile ambayo matangazo yake hubebwa na mabasi. Alikuwa Mzungu, kijana, tai nyekundu. Alifika Jumamosi saa nne asubuhi, akasema atachukua dakika arobaini.

Bi Time alikuwa amerudi kutoka kazini, yuko chumba cha nyuma anapigana na usingizi wake. Hamad alikuwa peke yake na mgeni.

Mgeni alikunywa chai. Akala vitumbua vinne. Alitoa kisanduku chenye kioo, ndani ametia saa ya kengele inayolia, akafunga kifuniko, na saa haikusikika tena. Hamad alivutiwa. Ndege nayo ikapita, nayo ikasikika vizuri sana, lakini hilo Hamad hakulitia akilini.

Bei ilianza pauni 9,800. Hamad akanyamaza, kwa sababu alikuwa anasubiri. Anachosubiri mwenyeji baada ya chai ni mgeni kuomba ruhusa ya kuondoka. Mgeni naye alikuwa anasubiri. Anachosubiri muuzaji wa madirisha ni saini.

"Kila nikinyamaza, yeye anapunguza bei," Hamad anasimulia. "Kila akipunguza bei, mie naona haya, naongeza chakula."

Saa sita mchana bei ilikuwa 8,200 na mezani pana wali wa nazi na pweza. Mgeni alikula sahani mbili akisifu, kisha akauliza nyama hiyo ni ya nini. Alipoambiwa, aliweka kijiko chini, akateremsha bei mpaka 7,500.

Adhuhuri ilipoingia, Hamad alikwenda kusali chumba cha pili. Alirefusha sala, anakiri, kwa matumaini. Aliporudi, mgeni alikuwa amevua koti.

"Hapo nikajua huyu haendi," anasema.

Kwa nini hakumwambia tu aondoke? Hamad anamtazama mwandishi kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakumtupa mtoto nje.

"Yakhe, mie nimetoka kwetu Februari 2001, baada ya zile ghasia za uchaguzi, na nguo nilizovaa. Tulifika Shimoni, pwani ya Kenya, watu wasiotujua wakatufungulia milango. Hakuna aliyetuuliza tunaondoka lini. Leo nina nyumba yangu, nimwambie mtu ondoka? Hayo maneno sinayo. Nimeyatafuta, sinayo."

Mgeni alipiga simu kwa bosi wake mara tatu. Kila simu ilirudi na habari njema ya leo tu. Saa tisa kamili alasiri, saa tano tangu aingie, bei ilikuwa pauni 6,400 na chakula kimekwisha jikoni. Hamad alitia saini.

"Nilitia saini ili aende zake," anasema. "Naye akanikumbatia. Nikamfungia mkate wa kumimina achukue kwa mamake."

Jioni ile binti yao, Ummukulthum, mwanafunzi wa chuo, aliusoma mkataba wote, pamoja na maandishi madogo. Ummukulthum anaelewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza alimweleza babake mambo mawili. Kwanza, vioo vyote katika mkataba ni vya unene mmoja, na hakuna neno lolote kuhusu kelele. Pili, siku kumi na nne.

Ndiye aliyeandika barua ya kughairi. Babake ndiye aliyeiweka chini ya kopo la maziwa.

Saa nne na dakika hamsini, mlango wa chumba cha nyuma unafunguka. Bi Time anatoka, kanga begani, macho mekundu. Ni wiki ya asubuhi. Amelala saa moja na dakika kumi. Usiku wa leo ana zamu.

Anamsalimia mwandishi, anaomba radhi kwa hali yake, anakaa. Anainua kopo la maziwa na kuitazama karatasi.

"Bado?"

"Nimetoa ahadi, Mama Ummu."

"Ahadi gani? Umechoka ukaandika jina."

"Mtu kakaa kwangu kutwa nzima. Mwaka huu nina mpango wa sote kwenda nyumbani Pemba, Disemba, wewe upumzike. Nikaanze safari nimemvunjia mtu neno?"

"Kwenda Pemba kwa kazi ipi, nikifukuzwa? Kapima chumba changu yule?"

Hamad anageuza kikombe.

"Ulikuwa umelala."

"Nilikuwa nimelala!" Bi Time anacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Nawasikia nyote wawili mnavyotafuna, nawe waniambia nilikuwa nimelala. Huyo kauza madirisha ya nyumba nzima, chumba chenye shida hakukifungua mlango. Hakuuliza hata kama humu mna mtu."

Mkono wa Hamad unapanda. Ndege inapita, kubwa kuliko zilizotangulia, na maziwa yanatikisika ndani ya kopo. Safari hii, ikishapita, Hamad anachelewa kuushusha mkono.

Anapoulizwa anatamani nini hasa, hazungumzii madirisha. Anasema anataka siku moja arudi kutoka kazini saa nane mchana, afungue mlango, asikie nyumba iko kimya, na mkewe anakoroma. "Anakoroma vizuri sana huyu," anasema, "nimeshasahau."

"Basi tia saini," anasema Bi Time, na kumsogezea kalamu.

"Lakini kala kwangu, Time. Sahani mbili. Mwenziwe hata maji hakugusa. Nitamtazamaje usoni mtu aliyekula kwangu?"

"Siku ya Idi mwite, aje ale tena, na nitampikia mimi mwenyewe. Madirisha atatia yule aliyeuliza nani analala."