Makofi ya Adabu

Mtaani walimwita Mwenyekiti kwa sababu alikuwa na viti. Hakuwahi kugombea cheo chochote, na mikutano yote aliyohudhuria aliihudhuria akiwa amesimama, nyuma, karibu na spika. Alikodisha viti vya plastiki, turubai na vipaza sauti kwa harusi, misiba, mahafali na kampeni. Alisema biashara yake haibagui: watu wakifurahi huketi, wakilia huketi, na wanaogombana nao wakichoka huulizia kiti.

Ua wake ulikuwa nyuma ya soko. Viti vilipangwa humo kama minara, vyeupe upande mmoja, vya bluu upande mwingine, na vilivyovunjika miguu vikawa na mtaa wao karibu na choo. Barazani mkewe alikuwa na cherehani, akishona vitambaa vya kuvalisha viti vya wageni wa heshima. Wageni wasio wa heshima walikalia plastiki tupu.

Ukweli ni kwamba ua haukuwa wake. Ulikuwa wa baba mkwe, ambaye zamani, akiwa dereva wa halmashauri, alipewa kibali cha muda cha kujenga. Muda huo ulikaa ukazoea. Ulizaa watoto, ukaezeka nyumba, ukachimba choo cha pili cha kwanza kilipojaa, na mzee alipofariki ukamwachia binti yake kila kitu isipokuwa hati. Kaka wa binti, fundi wa kuchomelea, alichukua kipande cha upande wa barabarani akaweka karakana yake. Kwa hiyo Mwenyekiti aliishi ndoa yake yote kati ya mke na shemeji, juu ya ardhi ya mkwe, hali ambayo humfundisha mwanamume kusema asante bila kuulizwa.

Sasa, katika kazi ile kuna jambo ambalo asiyewahi kukodisha viti halijui. Msemaji akimaliza hotuba na turubai likanyamaza, mwenye shughuli hatamlaumu msemaji. Hutazama juu, hutazama viti, kisha humtazama mwenye viti. "Mbona shughuli imepooza?" Safari nyingine atakodi kwingine. Mwenyekiti alilijua hilo mapema, akajiwekea utaratibu: hotuba ikiisha, yeye huanza makofi. Matatu ya haraka, yenye mlio, kutoka nyuma, na watu hufuata bila kujua wamefuata nini. Aliwapigia makofi wasimamizi wa harusi waliosahau jina la bibi harusi. Aliwapigia wagombea wa vyama vyote katika wiki moja. Mikono yake haikuwa na itikadi.

Halmashauri ilipoamua kuupanga mji upya, sheria iliitaka iwashirikishe wananchi, na wananchi hawashirikishwi juani. Ikakodi turubai na viti. Kwake.

Ofisa mipango alikuwa dada mmoja mpole, mwenye miwani, aliyevaa viatu vya kutembelea matopeni kwa sababu alikuwa na desturi ya kwenda kuona kwa macho yake anachokifuta. Alitundika ramani kubwa kwenye nguzo mbili za turubai. Ilikuwa na rangi za kupendeza: njano, kijani, zambarau, na katikati, nyuma ya soko, waridi.

"Eneo hili," alisema, akiligusa kwa fimbo, "ambalo kwa sasa lina matumizi yasiyo rasmi, linapendekezwa kutengwa kwa uendelezaji mpya wa makazi na biashara wenye msongamano wa kati."

Fundi wa kuchomelea alikuwa amekuja kusimama nyuma, karibu na spika, kwa sababu kivuli kilikuwa huko. Akanong'ona, "Shemeji, matumizi yasiyo rasmi ndiyo nini?"

"Wale wanaopanga mitumba chini, labda."

"Na hiyo waridi?"

"Nzuri hiyo. Ingekuwa nyekundu ningeshtuka."

Ofisa alimaliza. Akauliza kama kuna swali. Bibi mmoja akauliza maji yatatoka lini, akaambiwa swali ni zuri ila ni la idara nyingine. Kisha turubai likanyamaza. Diwani, aliyekaa mbele kwenye kiti chenye kitambaa, akatazama juu. Akatazama viti. Akageuza shingo nyuma.

Mwenyekiti akapiga makofi.

Matatu, ya haraka. Watu wakafuata. Mtu akapiga kigelegele. Diwani akainuka akapungia mkono pande zote, ofisa akatabasamu akakunja ramani, na shughuli ikaisha vizuri kabisa. Viti vilirudi vyote, jambo lisilo la kawaida.

Alama zilikuja baadaye, msimu wa mvua ulipokatika. Vijana wawili wa halmashauri walipita na kopo la rangi, wakachora X kwenye ukuta wa nyumba, kwenye mlango wa karakana, hata kwenye choo. Mke wa Mwenyekiti alisimamisha cherehani.

"Nyie, mnachora nini kwenye ukuta wa baba yangu?"

"Mama, sisi tunachora tu. Wanaojua wako ofisini."

Mwenyekiti akavaa shati la misiba, akaenda ofisini. Ofisa alimpokea vizuri. Alimpa kiti, na Mwenyekiti, kwa mazoea, alikitikisa kwanza kuona kama kinayumba. Kiliyumba.

"Mzee wangu," ofisa alisema, "mpango umepita. Eneo limetengwa. Mwekezaji ameshapatikana. Nyie mtapewa viwanja mbadala kule mlimani."

"Mwanangu, sisi hatukukubali."

"Ushirikishwaji ulifanyika. Wananchi waliupokea mpango kwa makofi."

"Makofi?"

"Mzee, nilikuwepo." Alisema kwa upole, kama daktari. "Tena wewe ndiye uliyeanza. Nilifurahi sana, maana mitaa mingine walikuwa wamenyamaza, na wakinyamaza kwenye hatua ile inabidi turudi tena kuwaelimisha."

Mwenyekiti alitazama mikono yake, akaishusha chini ya meza.

"Yale makofi yalikuwa ya adabu tu. Mtu akimaliza kuongea unampigia. Ndivyo tulivyolelewa."

"Naelewa. Lakini sheria haina kifungu cha adabu."

Akamweleza, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, kwamba bado kuna kikao cha pingamizi, katika ukumbi wa halmashauri, na kila mkazi ana haki ya kufika. Mwenyekiti alimshukuru. Alikuwa mlangoni alipogundua amemshukuru.

Nyumbani hakuficha. Angeficha vipi, watu wote walikuwepo turubaini? Mkewe alimsikiliza hadi mwisho, akachukua mkasi, akakata uzi ambao haukuhitaji kukatwa.

"Kwa hiyo umempigia mtu makofi akiuchukua uwanja wa baba."

"Sikujua, mama watoto."

"Ningejua hivyo hata harusini ningekufunga hiyo mikono."

Fundi wa kuchomelea naye alikuwa na lake. "Shemeji, sisi tulikupa dada, tukakupa pa kukaa. Mikono tu tulikuachia uitunze mwenyewe." Akarudi karakanani akawasha mashine, na cheche zikaruka jioni ile yote bila kazi yoyote ya maana kuonekana ikitengenezwa.

Ikawa lazima Mwenyekiti arekebishe, na alirekebisha kwa ujuzi aliokuwa nao, yaani kupanga umati. Alipita nyumba kwa nyumba. Aliwaambia majirani kosa lilikuwa nini, na safari hii wafanye nini. Mke wangu ndiye atakayeongea, alisema, ardhi ni ya baba yake na ulimi anao. Nyie wengine kaeni kama mawe. Mtu asipige kofi, asicheke, asiitikie, asitikise kichwa. Hawa watu kila sauti wanaigeuza ndiyo. Wakalieni viganja vyenu.

"Hata akisema jambo zuri?" bibi wa maji aliuliza.

"Hasa akisema jambo zuri."

Walimwelewa. Hakuna mtaa uliowahi kufundishwa vizuri namna ile.

Ukumbi wa halmashauri ulikuwa na viti vya mbao vilivyofungwa kwenye sakafu kwa boliti, na Mwenyekiti alivitazama kwa huzuni ya kitaaluma. Wakazi walikaa safu nne. Diwani aliongoza kikao. Ofisa alisoma maelezo yake, akamaliza, na ukumbi ukawa kimya kiasi kwamba feni ilisikika ikikwaruza kila ilipofika upande wa dirisha. Mwenyekiti aliona fahari kidogo.

Kisha mkewe akainuka.

Hakuwa na karatasi. Alisema baba yake aliwaendesha madiwani wanne, hakumgonga hata mmoja, ingawa nafasi aliipata. Alisema halmashauri ilikuwa ikija kukusanya ada ya kibali kila mwaka, na mkusanyaji alikuwa anapewa chai kwenye baraza hilihili linaloitwa lisilo rasmi. Sasa kama sisi si rasmi, alisema, ile chai mlikuwa mnakunywa kwa nani? Alisema kiwanja cha mlimani alikiona, na mbuzi aliyekuwa juu yake alikuwa anateleza. Wajengeeni hao wageni huko, wana magari yenye nguvu. Sisi mtuache nyuma ya soko, maana sisi ndio wateja wa soko.

Ilikuwa hotuba bora kuliko zote ambazo Mwenyekiti aliwahi kuzisikia, na alikuwa amesikia za kila aina. Bibi wa maji alitaka kusema "eeh!" akauma mdomo. Fundi wa kuchomelea alikuwa anatetemeka mabega. Safu nne za watu zilikaa juu ya viganja vyao, macho mbele, nyuso zimefungwa. Mke wa Mwenyekiti alipofika mwisho alisubiri. Aligeuka akawatazama majirani zake, watu aliokua nao, akaona ukuta. Akamtazama mumewe. Mwenyekiti alihisi mikono yake ikifa ganzi chini ya mapaja, na hakuitoa, kwa kuwa kanuni ilikuwa yake na watu walikuwa wanamtazama yeye.

Akaketi.

"Asante, mama," diwani alisema. "Nani mwingine anaunga mkono pingamizi hili?"

Wakazi walimtazama Mwenyekiti. Hakuwa amewafundisha swali hilo. Alifungua mdomo, na kabla hajajua ni sauti gani ingekuwa salama, diwani alikwishageuka kwa mwandishi wa kikao.

"Pingamizi moja. Waliobaki wameafiki."

Hapo kelele zikaanza, nyingi, za kila namna, na fundi wa kuchomelea alisimama juu ya kiti ambacho, kwa kuwa kilifungwa kwa boliti, kilimvumilia. Lakini kikao kilikuwa kimefungwa, na kelele za baada ya kikao ni mazungumzo ya watu binafsi.

Mwenyekiti alimkimbilia ofisa kwenye korido.

"Mwanangu, wewe uliniambia wakinyamaza mnarudi tena!"

"Hiyo ni hatua ya kwanza, mzee wangu. Hii ilikuwa hatua ya pili." Alivua miwani, akaifuta. Kwa kweli alionekana ameumia. "Kwa nini hawakumsaidia?"

Walibomoa wenyewe, kwa sababu tingatinga halirudishi mabati. Mwenyekiti alikuwa juu ya paa aking'oa misumari, mkewe chini akiipokea na kuinyoosha kwa nyundo. Wakati mmoja Mwenyekiti aliuliza kama amwekee mkewe kando bati lenye jina la baba yake lililoandikwa kwa rangi, akajibiwa kwamba ni bati kama mengine. Fundi wa kuchomelea alihamia kwa rafiki upande wa pili wa mji na hakuaga. Viti vilipelekwa mlimani kwa safari nyingi, maana lori halikufika juu, na vilipangwa kwenye mteremko, vikiegemea mawe.

Diwani alipiga simu kabla hawajamaliza kuezeka. Kulikuwa na shughuli ya kuweka jiwe la msingi, viongozi wanakuja, na yeye, alisema, hapendi kumsahau mtu wa zamani. Alitaka viti vyote, turubai kubwa, na safu ya mbele ivalishwe vitambaa.

Mwenyekiti alikaa na simu mkononi. Mkewe alikuwa amesikia, kwa kuwa nyumba ilikuwa bado haina ukuta wa ndani.

"Utakataa?" aliuliza.

"Sijui."

"Hao watoto watakula kukataa kwako?" Akavuta kapu la vitambaa. "Vimejaa vumbi. Nitavifua."

Siku ya shughuli mkewe alikuja naye, akakaa mbele ndani ya lori na kapu mapajani. Uwanja ulikuwa umezungushiwa mabati mapya, na getini palikuwa na mlinzi aliyemuuliza Mwenyekiti anakwenda kwa nani. Alijibu ameleta viti. Mlinzi akamwonyesha kwa rungu pa kuvipanga, pale palipokuwa baraza, akamwambia asivuke kamba.

Alishusha, akapanga, akasimamisha turubai. Kisha akarudi kwenye lori akafungua mlango.

"Shuka basi uvalishe. Wanakaribia kufika."

Mkewe alikuwa anatazama mbele kupitia kioo, kwenye barabara. Hakugeuza kichwa upande wa uwanja. Alimpa kapu.

"Mshono ukae nyuma," alisema. "Ukiugeuza mbele unaonekana."

Mwenyekiti alibeba kapu hadi safu ya mbele. Hakuwahi kuvalisha kiti maishani mwake. Kazi ile ilikuwa ya mkewe. Alivalisha cha kwanza, akakivua, akageuza mshono, akaanza tena.