Kiti cha Msoma Ramani

Mimi nimewahi kupongezwa msibani.

Ndiyo, msibani. Watu wanalia, viti vinashushwa, halafu mtu ananishika mkono na kuninong'oneza, "Hongera dada, mshukuru sana Mungu." Na mimi, bila hata aibu, nikajibu asante.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa, maana kuna watu wamelisimulia jambo hili mtandaoni utadhani walikuwepo.

Mimi ni msusi. Nina saluni ndogo yenye vioo viwili, kimoja kina ufa. Mume wangu alikuwa na kazi ambayo hata mama yangu mzazi hakuwahi kuielewa. Alikuwa anakaa pembeni ya dereva wa magari ya mbio na kumsomea njia.

"Kulia kali. Shimo mbele. Usikate kona. Kanyaga!"

Kazi ndiyo hiyo. Mama akiulizwa na majirani, anasema mkwe wake ni utingo.

Wenzake walimwita Ramani. Dereva wake alikuwa Kimbunga, bingwa mwenyewe, yule ambaye picha zake zilijaa kwenye vibanda vya vinyozi na kwenye mabasi. Ramani naye alikuwemo kwenye picha hizo hizo, ila walimkata. Ulibaki mkono wake na nusu ya kofia.

Siku moja nikamchokoza. "Mwenzako ana usukani, ana jina, ana nyumba ya ghorofa. Wewe una nini?"

Akacheka. "Mimi ninaye yeye. Nikimwambia kanyaga, anakanyaga amefumba macho. Wewe hapa ndani nikikwambia zima taa tu, tunagombana."

Sasa mtu wa hivyo utamfanya nini?

Na kazi hakuiacha huko huko. Tukienda sokoni ananisomea njia: "Kushoto taratibu, kuna mama na ndoo, dimbwi mbele, usikate." Watu wanageuka. Mimi nataka ardhi ipasuke.

Mke wa Kimbunga tulimwita Mama Pacha, kwa ajili ya mabinti zake wawili. Alinizidi umri, akaniita mdogo wangu, na kweli alinilea. Siku ya mbio hakuna kati yetu aliyeangalia. Yeye alikuwa anafua mapazia ya nyumba nzima, hata yaliyo safi. Mimi nilikuwa nasuka.

Tulichokiogopa tulikijua: spidi, kona, miti. Tulikuwa tumeshaona mabingwa wa nchi nyingine wakizikwa vijana kabisa, na kila mara tuliambizana kwamba wa kwetu wana akili. Wakimaliza mbio tu, tunapumua.

Siku yenyewe nilikuwa na kichwa cha mteja mikononi, nusu nimeshasuka. Mteja anaperuzi simu yake. Ghafla akapiga ukelele.

"Jamani! Kimbunga amekufa!"

"Usiniletee uchuro kwenye saluni yangu," nikamwambia.

"Wallahi tena. Ajali kwenye mbio. Dereva amefia palepale, imeandikwa kila mahali."

Nikauachia msuko. Nikauliza, "Na msoma ramani?"

Akashusha kidole kwenye kioo cha simu. Akashusha tena.

"Hawajamtaja."

Sikumbuki niliachaje zile nywele. Nakumbuka simu yangu iliita, na aliyepiga alikuwa katibu wa chama cha mbio.

"Shemeji, jikaze. Ramani yuko hospitali. Ameumia kichwa vibaya, lakini anapumua. Kimbunga ndiyo hivyo, tumempoteza. Gari linakuja kuwachukua wewe na Mama Pacha, mkutane kwake."

Nikakaa chini sakafuni, juu ya nywele za watu, nikashukuru kwa sauti. Mteja akanitazama kama mwendawazimu. Mwenzangu amefiwa na mimi nasema asante, asante, asante.

Nilipofika kwa Mama Pacha, uani kumejaa. Majirani, ndugu, waandishi wa habari na kamera zao. Ndipo zikaanza zile pongezi. Mmoja alinikumbatia kabisa. "Una bahati wewe mwanamke."

Mama Pacha alikuwa ameketi chini chumbani. Aliponiona akanishika miguu.

"Mdogo wangu, wako kapona?"

"Kapona, dada."

"Afadhali," akasema. "Afadhali hata mmoja."

Na alimaanisha. Mimi ningekuwa yeye sijui kama ningeweza kulisema hilo neno.

Njiani hakulia. Alikuwa ananiuliza maswali ya ajabu ajabu: kama watoto waambiwe leo au waachwe walale, kama suti ya bluu bado itamtosha. Nilimjibu nimemshika mkono, nimekunja uso kama mfiwa, lakini ndani yangu kulikuwa na sherehe. Nisiwadanganye. Wangu alikuwa anapumua.

Getini hospitali hapakuwa na pa kupita. Vijana wamevaa fulana zenye sura ya Kimbunga, wanalia kwa kwikwi, wanaume wazima kabisa. Polisi ikabidi watutengenezee njia.

Ndani, nesi akatupokea. "Mke wa marehemu akae hapa kwenye benchi, ataitwa kwenda kumtambua. Mke wa majeruhi, nifuate."

Tukaachana pale, yeye na shemeji yake, mdogo wa Kimbunga aliyekuja nasi garini, wakabaki kwenye benchi.

Wodini niliona mtu amefungwa bendeji kichwa chote mpaka kwenye nyusi. Uso umevimba, macho yamezibika, mipira puani. Hata mama yake mzazi asingemtambua. Nikapiga magoti, nikashika vidole vyake.

"Nipo hapa," nikamwambia. "Umepona, baba. Mengine yote tutayaona mbele ya safari."

Midomo yake ikacheza. Nikasogeza sikio.

"Mama Pacha..."

Nikaangua kilio. Mnaona moyo wa mume wangu? Yuko hoi, na bado anamwaza mjane wa rafiki yake.

"Yuko nje," nikamwambia. "Usihangaike naye sasa hivi. Tutamtunza."

Akahema kwa shida. Halafu akasema tena, safari hii kwa kusikika vizuri.

"Ramani... lori hilo. Ramani, simamisha gari."



Nikajiambia ni dawa. Nikajiambia kichwa kimegongwa, mtu anaweza kujiita mwenyewe kwa jina. Lakini tayari nilikuwa natazama pembeni ya ile bendeji.

Mimi ni msusi. Kutwa nzima nakunja masikio ya watu ili nipate nywele za nyuma yake. Masikio ya watu nayajua kuliko sura zao. Na lile halikuwa sikio la mume wangu.

Mambo, kama nilivyokuja kuelezwa baadaye, yalikuwa hivi. Mbio zile hukatwa vipande vipande. Kati ya kipande na kipande, magari hupita barabara ya kawaida, polepole, pamoja na mabasi na malori na sisi wengine. Hapo hakuna anayeshindana. Kimbunga alikuwa amechoka, akamwomba Ramani ashike usukani ili asinzie kidogo. Wanaruhusiwa. Kofia wamevua, nguo za mbio wamezishusha mpaka kiunoni kwa joto, majina yako ndani ya mikunjo. Lori likahama upande wake, likawavaa.

Waliokimbilia kuwatoa walikuwa wapita njia. Aliyekufa walimtoa kwenye usukani, mlango umeandikwa Kimbunga kwa herufi za dhahabu. Nani angebisha? Dereva ni dereva. Habari ikatoka kabla hata ya gari la wagonjwa.

Nilikaa pale nimeshika vidole vya mume wa mtu.

"Mama, nikuletee maji?" nesi akaniuliza.

Nikatikisa kichwa. Kwa watu wote, Ramani alikuwa bado hai. Ni mimi peke yangu niliyejua. Nilitaka kukaa pale kidogo tu, hata kidogo, nimwache aendelee kuwa hai kwenye midomo ya watu.

Nikasikia kwenye korido mtu akiita, "Mke wa marehemu!"

Miguu yangu ikasimama yenyewe.

Mama Pacha alikuwa ameshanyanyuka, shemeji yake amemshika bega, na mbele yao mhudumu wa chumba cha maiti amevaa mabuti ya mpira. Nikawakimbilia.

"Dada, usiingie."

"Lazima nimwone, mdogo wangu. Niache."

"Aliye humo si wako. Wako yuko wodini. Anakuita."

Akanitazama. Nadhani alifikiri nimerukwa na akili. Kisha nikaona linamwingia, taratibu, na sauti ikamtoka ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, nusu kicheko nusu ukelele, akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Simlaumu. Furaha haiombi ruhusa.

"Na wako?" akauliza nyuma ya vidole.

Nikageuza macho kwenye mlango wa chumba cha maiti. Akaelewa.

Shemeji yake alikuwa ameshachomoka mbio kuelekea getini kuwapa watu habari. Mama Pacha naye akageuka, akakimbilia wodini. Nikabaki na mhudumu. Akaniuliza kwa upole kama nina mtu wa kuingia naye. Nikamwambia sina, twende tu.

Alipofunua shuka, nilitazama sikio kwanza. Halafu ndipo nikamtazama mume wangu.

Alikuwa na vumbi kwenye kope. Nilimwita kwa jina lake la nyumbani, ambalo sitawaambia.

Na hapo ndipo nje kulipolipuka. Honi, filimbi, vigelegele, watu wanagonga mabati ya uzio. "Yuko hai! Kimbunga yuko hai!" Wakaanza kuimba jina lake. Mhudumu akakimbilia dirisha, akalivuta, likagoma kufunga.

"Nisamehe, mama," akasema, utadhani yeye ndiye anayepiga kelele.

Mimi nilikuwa sina machozi. Nilisimama nikasikiliza watu wakishangilia, na aliyefia kwenye kiti cha bingwa wao yuko mbele yangu.

Mlango ukafunguliwa. Mama Pacha. Pekupeku, viatu sijui kaviacha wapi.

"Nenda kwa mumeo," nikamwambia.

"Nimemwona. Ana pumzi, ataningoja."

Akavua kitambaa chake cha kichwa, akalowesha ncha yake bombani, akaanza kumfuta Ramani vumbi usoni, kwenye kope, nyuma ya masikio. Alimfuta kama anavyowafuta wale mabinti zake. Ndipo nikalia.

"Lia," akaniambia. "Na mimi nimemlilia moyoni tangu mchana bila kujua ni yeye. Sasa tulie tukijua."

Kesho yake magazeti yaliandika kwa herufi kubwa kwamba bingwa amefufuka. Mume wangu walimweka mwishoni: "mwenzake alifariki." Mwenzake.

Kimbunga hakurudi tena kwenye mbio. Anatembelea gongo. Akija kwangu hukaa tu, haongei, na mimi simlazimishi. Mpaka leo mtu akinitambua mjini, swali lake huwa ni moja: Kimbunga anaendeleaje? Huwa najibu mzima, namshukuru kwa kuuliza, nageuka, natafuta pa kulilia.

Basi nawaomba jambo moja. Mkisikia mtu maarufu amepata ajali, kabla hamjamwandikia pumzika kwa amani, na kabla hamjashangilia kwamba kapona, ulizeni alikuwa na nani garini. Huyo wa pembeni naye ana mke, na mke wake naye anamsubiri.