Nyasi Alizozingoja Mboje

Kule Migato, mwenye akili zake hakai na njaa yake kupatana bei na Mboje. Ukimpelekea mbuzi wa kuuza, atakuuliza habari za wazazi, atamsifia mbuzi, na ukifika nyumbani utagundua umemwachia na kamba. Ujanja huo aliupata juu ya mapaa. Siku hizi fundi wa kuezeka nyasi haitwi. Watu wamehamia kwenye bati, kwa hiyo lazima ajiuze.

Mahali pekee palipobaki kumhitaji ni kambi ya wageni ndani ya pori la hifadhi. Mgeni hapandi ndege kuja kulala chini ya bati. Kila kiangazi Mboje aliingia na mkewe Pelagia na wanawake wenzake wakataji, akabadilisha fito zilizoliwa na mchwa, akaezeka upya, akafukia mashimo ya njia ya mtoni, akakaza ngazi za kichanja cha kutazamia tembo. Nyasi alizitoa kwenye ngitili za jirani zake, yale malisho ambayo Msukuma huyafunga masika yote, ng'ombe asitie mdomo, mpaka kiangazi kibane.

Mwaka huu mvua zilikatika mapema, ngitili zikafunguliwa, ng'ombe wakamaliza kila kitu. Na mabanda yote yalikuwa yanavuja, hivyo Mboje aliitwa mapema kuliko kawaida.

"Wageni wanaingia Julai, mzee," alisema Rodgers, msimamizi wa kambi. "Nyasi zikikosekana, wakubwa wanaleta bati la kijani."

"Na mimi?"

"Bati halihitaji fundi kila mwaka."

Mboje akatazama nyuma ya mabanda. Nyasi zilisimama hadi kifuani, bonde zima, hazijaguswa.

"Si hizo hapo."

"Hizo ni za hifadhi."

"Na banda ni la nani? La shangazi yangu?"

Rodgers akacheka, na Mboje alipoyaona meno akajua mlango umefunguka. Chai ilipoa wakipatana. Rodgers alianza kwa kutoa kipande kidogo karibu na kisima, akamaliza kwa kutoa bonde lote, mradi nyasi zisitoke nje ya lango. Akawapigia simu wakubwa zake, wakakubali, wakatoa kibali chenye sharti hilo.

"Tukakate kesho," Pelagia alisema aliposikia.

"Mbichi? Unataka paa lioze juu ya vichwa vya Wazungu?"

"Tutazianika."

"Mama Kabula, nyasi hukaukia zikiwa zimesimama, ndipo zinakaza. Na zile zimefungwa! Hakuna ng'ombe, hakuna mwizi, na askari wanazilinda. Umewahi kuona ngitili yenye bunduki?"

Pelagia akasonya. "Umepatana na mtu mmoja. Pori lina wenyewe wangapi?"

Mboje alitumia muda wa kungoja kufumua mapaa ya zamani, akakaza fito, akasuka kamba. Mabanda yakabaki mifupa mitupu, yakingoja nguo.

Nyasi zilipogeuka rangi ya simba, waliingia na miundu asubuhi. Moshi ulikuwa umeshatanda. Kikosi cha hifadhi cha kuchoma nyasi, kutoka kituo kingine, kilikuwa kinatembea kando ya bonde, kikimwaga moto chini kama mtu anayemwagilia bustani.

Mboje akakimbia hadi kwa Rodgers. Huyo alikuwa na simu sikioni na uso umemshuka.

"Wanachoma mapema kila mwaka, mzee. Zikiachwa zikauke kabisa, moto wa Septemba unameza pori na kambi. Wakubwa walioniruhusu mimi, na wale waliokituma kikosi hiki, hawakuwasiliana."

"Mtu anafunga malisho mwaka mzima, kisha anayachoma?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

Miaka yote Mboje aliingia baada ya moto, akakuta majani machanga yamechipua. Hakuwahi kujiuliza ya zamani yalikwenda wapi.

Akamwendea kiongozi wa kikosi, mwanamke wa Ngulyati aliyeitwa Jenipha, uso mweusi kwa masizi.

"Mwangaluka, mwanangu," alimsalimu. "Niachie ukanda wa mtoni tu. Nitawafyekea barabara ya kukinga moto, bure, mpaka mlango wa ofisi yenu."

"Mwangaluka, baba. Mimi ningekuachia." Jenipha akaonyesha kwa kidevu mahali moto ulipokuwa umekwisha ruka njia. "Kapatane na upepo. Ukikubaliana nao, mimi sina neno."

Nyuma ya Mboje wanawake walikuwa wameshainama ukingoni, wakikata wakikohoa, hadi moshi ulipowafukuza. Walichopata hakikutosha hata banda la jiko.

"Basi tuzipeleke nyumbani," Pelagia alisema.

Wakazifunga kwenye baiskeli. Langoni askari akazigusa, akatikisa kichwa: nyasi za hifadhi hazitoki. Aliwaambia kwa upole, akionyesha masharti kwenye kibali ambacho Mboje mwenyewe alikipigania.

"Zingine zote zinaungua tu kule ndani," Mboje alisema.

"Hata mimi naona, mzee."

Nyuma ya askari, lori lilikuwa linapiga honi lifunguliwe. Lilibeba bati, la kijani kweli; kumbe wakubwa walishaliagiza. Mboje akasogeza baiskeli lipite, kisha akafungua kamba na kuishusha mizigo ukingoni mwa njia, vitako vyote upande mmoja, ncha upande mwingine, kama inavyopangwa kwa fundi aliye juu ya paa.

"Ziache," Pelagia alisema. Wakaondoka.