Mtetezi wa Buibui

Kila Oktoba, buibui madume wenye manyoya na ukubwa wa kiganja wanapotoka mashimoni kutafuta wachumba, mlinzi wa kambi huko jangwani Arizona huvaa fulana yake ya rangi ya machungwa na kusimamisha magari barabarani. "Mpisheni bwana harusi!" hunguruma. Anayepiga yowe hupewa mahubiri: "Mtu mzima unaogopa kitu kipole kuliko paka?" Mikono yake, yenye makovu ya miiba ya dungusi, hupapasa hewa kama inayobembeleza mtoto. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini viatu vyake hulazwa juu ya paa la trela anamoishi.

Marlys, mgeni kutoka Iowa, alihubiriwa asubuhi na mchana, akachoka. Jioni alimfunika buibui mmoja kwa kofia, akamleta hadi kwenye meza alipokuwa mlinzi akila maharage pamoja na wageni wengine. "Mzee, bwana harusi wako kaja kukusalimia," akasema, akaifunua kofia. Kufumba na kufumbua, mlinzi alikuwa juu ya meza, mguu mmoja ndani ya maharage. "Msiogope!" akahubiri kutoka huko juu, kidole hewani. "Ni mpole kabisa! Ila mwondoeni upesi, maskini. Mnamtisha!"