Nyambizi ya Ulezi

Harufu ya ulezi uliochipuzwa kwa ajili ya togwa hunirudisha kwenye nyambizi yetu. Dada aliiunda kwa kipande cha bomba la plastiki, akatia mota ya gari la kuchezea lenye rimoti, akaziba kwa nta ya mshumaa. Ilielea tu. Tukaijaza ulezi wa bibi ili iwe nzito. Kwenye shimo la udongo wa matofali lililojaa maji ya mvua ikazama kweli, lakini rimoti haikuirudisha. Tukaivuta kwa kamba tuliyokuwa tumeifunga, maji yakiwa yameshapenya ndani, tukaificha uvunguni.

Siku chache baadaye bibi alifuata harufu, akaifungua. Ulezi ulikuwa umechipua. Tukanywea kwa woga. Akaunusa kiganjani.

“Kimea kizuri hiki. Mmelowekea wapi?”

“Shimoni, bibi. Ndani ya nyambizi.”

Akaigeuzageuza.

“Kesho izamisheni tena. Nataka kuona.”